Filamu Isiyo na Mfasiri

Kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa kifungo. Kifungo cha shingoni cha gauni la yule mwanamke kilikuwa kimelegea, kinaning'inia kwa uzi mwembamba, na kila alipovuta pumzi kilitikisika. Mwanamke mwenyewe alikuwa ndani ya televisheni ya Nusifa, hana rangi, wa kijivu kama jivu la jikoni. Alisimama mbele ya mlango uliofungwa, mikononi ana sinia la vikombe. Hakusema neno. Nikangoja mtu amsemee, lakini hakuna aliyemsemea.

"Televisheni yako imeharibika," nikamwambia Nusifa.

"Imeharibika nini?"

"Haina rangi. Na mfasiri simsikii."

Nusifa alicheka mpaka ushungi ukamwangukia mabegani. "Wewe Namukose! Hii filamu ni ya zamani, ya kabla ya rangi. Na huyo mfasiri wako, nani atapoteza koo lake kwa mwanamke anayebeba chai? Hao wanataka filamu za bunduki."

Kwetu filamu huja na sauti ya mfasiri. Mtu hukaa na kipaza sauti, akazungumza kwa Kiganda juu ya sauti za wenyewe, akawapa wageni majina ya kwetu, akawatania, akakuambia nani mbaya kabla mbaya hajaingia. Utotoni, kwetu Mpumudde, nilisikia filamu nyingi kuliko nilizoziona, kwa sababu kibanda cha video kilisikika mpaka barabarani. Nilidhani filamu zote huzaliwa na sauti ile. Sikuwahi kutazama uso wa mtu humo mpaka mwisho. Nafasi haikuwepo.

Duka la Nusifa liko hapa Namakwekwe, kando ya barabara, karibu na nyumba ya Afande Gaster ninakoishi. Watu humletea flashi zao awajazie filamu. Nyuma ya pazia ameweka benchi, na hapo ndipo Shangazi Racheal, mke wa Afande, alipokuwa akimalizia alasiri zake. Alizoea kuniita akiwa tayari mlangoni: "Twende, Namukose, tukaone watu wa zamani." Nami nilizoea kujibu kwamba nina maharage motoni. Maharage yalikuwepo kweli, lakini nilichoogopa ni benchi, na watu wa kwenye benchi. Watu nimewaogopa tangu nilipokuwa shuleni, nikiambiwa nisimame nisome na sauti inakataa kutoka. Shule yenyewe niliiacha kabla ya kumaliza darasa la tano, baba alipofariki na Shangazi akanichukua kwake.

Kisha Shangazi akaugua, akafariki kabla mvua za masika hazijaisha.

Tulimzika kwao, Mpumudde. Sasa ukoo ulikuwa umepanga siku ya kumaliza matanga, na Baba Mkubwa Isiko alikuwa amenipigia simu. "Namukose, tumekaa, tumekuchagua. Wewe ndiye utakayemrithi shangazi yako."

Nilisema, "Sawa, Baba," kwa sababu neno hilo ni fupi.

Kwetu sisi Basoga, mwanamke hurithiwa na binti wa ukoo wake, mtoto wa kaka yake. Hupewi shamba wala ng'ombe. Unapewa nafasi yake. Unavikwa lubugo, nguo ya gome la mti, mbele ya watu, na tangu hapo wewe ndiye yeye. Kaka zake wanakuita dada. Watoto wake wanakuita mama, nawe unapaswa kuitika kama ambavyo yeye angeitika. Shangazi aliacha mtoto mmoja, Olivia, wa miaka saba, na Olivia tangu mazishi hakuwa akila chakula nilichokipakua mimi mpaka nitoke chumbani.

"Atazoea," Afande Gaster aliniambia asubuhi moja, akifunga kamba za viatu aende zamu gerezani. Yeye ni mtu wa kaskazini, na nyumbani kwake tulizungumza Kiswahili kwa sababu hakuna aliyeijua lugha ya mwenzake vizuri. Hakuinua kichwa. "Hata mimi najaribu kuzoea."

Nusifa ndiye aliyenishika mkono siku hiyo nikipita na ndoo. "Shangazi yako aliipenda filamu moja kupita zote. Njoo uione kabla hujaenda kuwa yeye."

Basi nilikaa. Yule mwanamke wa sinia aliajiriwa katika nyumba iliyofiwa na mama. Watoto hawakumtazama. Aliwapelekea chai, wakaiacha ipoe. Maneno yao yalikuwa ya lugha nisiyoijua, na maandishi ya chini yalikimbia kabla sijayashika, kwa hiyo nikaacha kuyafukuza, nikatazama. Mtoto mdogo alikisukuma kikombe kwa makusudi, kikamwagika mezani. Niliona hasira ikimfika yule mwanamke usoni, ikasimama, ikageuka, ikaondoka. Hakuna aliyeniambia. Niliiona mwenyewe, na moyo ukanidunda kama nimeokota kitu njiani na mwenyewe hayupo.

"Huyu bado yuko hai?" nikauliza.

"Nani? Humo walishakufa wote. Labda huyo mtoto, na kama yupo, ana meno ya kununua."

Nilirudi kesho yake, na siku zilizofuata. Niliona mzee aliyepanda treni na kuku ndani ya koti, na kuku akawa anatoa kichwa kila mkaguzi wa tiketi alipokaribia. Nilicheka kwa sauti, mbele ya watu wawili nisiowajua, na wao wakacheka kwa sababu yangu. Niliona ndugu waliogombea kisima mpaka kikakauka. Watu wale waliokufa walitembea taratibu. Walifungua mlango mpaka ukafunguka. Walikunywa maji mpaka yakaisha kwenye glasi. Niliwapenda sana, lakini kila filamu ilipoisha na kioo kuwa cheusi, niliona humo benchi, nimekaa peke yangu mahali ambapo wawili wangetosha.

Filamu ya sinia niliomba irudiwe. Nilitaka kujua yule mwanamke alifanyaje.

"Unatafuta nini humo?" Nusifa aliuliza.

"Anavyosimama."

"Aa. Unajifunza." Akanitazama. "Lakini angalia vizuri. Huyo hajifanyi mama yao hata mara moja."

Sikumwelewa. Nilijifunza kusimama.

Mpumudde walikuwa wamefunga turubai uani na ngoma zilikuwa zimeanza. Baba Mkubwa Isiko alinivika lubugo begani, likanuka moshi na mti mbichi. Kisha mtu huyu, kaka mkubwa wa baba yangu, akaniita dada. Wanawake wenye mvi walipiga magoti kunisalimu. Nilisimama kama mwanamke wa sinia, mabega chini, uso wazi, nikawaitikia mmoja mmoja. Sauti ilitoka.

"Racheal huyo!" mmoja akapaza. "Hata shingo ni yake!"

"Mnene kidogo tu," mwingine akasema, wakacheka.

Ndipo Olivia akaletwa, anasukumwa mgongoni na mama mmoja wa ukoo. Baba yake, Afande Gaster, alikuwa amekaa kando kwenye kiti cha plastiki, kofia magotini.

"Msalimu mama," wakamwambia.

"Huyo ni Namukose," Olivia akasema. "Mama yuko kaburini."

Ngoma zilinyamaza. Baba Mkubwa Isiko alikohoa. "Mjibu mtoto, Racheal. Mwambie wewe ni nani."

Nilijua ninachopaswa kusema. Mrithi husema, "Mimi ndiye mama yako," na watu hushangilia, na kazi inaisha. Nisiposema, marehemu amebaki bila mtu, na mtoto naye amebaki bila mtu. Niliutafuta kichwani uso wa Shangazi, nikaukosa. Nilimtafuta mwanamke wa sinia, naye akanikimbia. Mbele yangu alibaki Olivia, kidevu kinamtetemeka, macho makavu. Nikamtazama polepole, kama nilivyozoea kutazama alasiri zile, bila mtu wa kunieleza. Wengine waliona kiburi. Mimi niliona hofu. Aliogopa kwamba neno "mama" akinipa mimi, mama yake atakwisha.

Hofu ile ninaifahamu. Mama yangu mzazi aliondoka nikiwa mdogo, akaahidi kurudi, na kwa miaka yote niliyooshwa na kulishwa na kufunikwa shuka na mwanamke mwingine, neno lile nililihifadhi kwa ajili ya mwenyewe, asije akarudi akakuta limechukuliwa. Hakurudi.

Nikapiga magoti. Mrithi hapigi magoti mbele ya mtoto, na manung'uniko yakaanza nyuma yangu. Baba Mkubwa akasema, "Simama, dada, simama." Sikusimama. Lubugo lilinishuka begani, nikaliacha.

"Ni kweli," nikamwambia Olivia, kwa sauti ambayo ua mzima uliisikia. "Mimi ni Namukose. Mama yako alikuwa mama yangu pia, na sikuwahi kumwita hivyo."