Kisanduku cha Jina

Mimi ni mkunga, na mdomo wangu unajulikana mji wetu mzima wa Yanina. Kompyuta mpya zilipoletwa wodi yetu ya uzazi, sikuficha hasira. Mfumo wake ulitengenezwa nje, na watu ambao watoto wao hupewa jina siku ileile ya kuzaliwa. Kwetu mtoto hukaa miezi bila jina mpaka padre ambatize. Lakini kisanduku cha jina kilikataa kuachwa tupu, na bila jina hutoi dawa wala damu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Siku ya majaribio sote tukaandika Maria. Sterios, kijana aliyetumwa kutufundisha, akakuta wodi imejaa akina Maria, wengine wavulana.

"Mama Kaliroi, mnanichezea?"

"Wewe ndiye unayetuchezea, mwanangu. Mtu akijifungua mapacha, Maria yupi nimpe damu?"

Nilidhani atafunga mkoba aende zake. Kumbe akavuta kiti, akashinda nasi kutwa, anauliza, tunamjibu, tunamkatia pai ya mboga. Kisha akaenda kubishana na mabosi wake, nusura wamfukuze kazi. Aliporudi, kisanduku kilikubali kubaki tupu, na mtoto alitambulika kwa mama yake na zamu yake ya kuzaliwa, wa kwanza au wa pili, kama tulivyomwomba.

Haukupita muda, mama mmoja, Fotini, akajifungua mapacha kabla ya wakati. Wa pili, msichana, alitoka amepauka, anahitaji damu upesi, na kundi lake halikuwa la pacha mwenzake. Lakini kwenye skrini, kwenye mfuko wa damu na kwenye mkanda wa mguuni yalikuwa maneno yaleyale: mtoto wa Fotini, wa pili. Kufikia jioni mashavu yake yalikuwa yamepata rangi. Nililia bila aibu. Mungu amlipe kijana yule, nilisema, na mpaka leo nasema.

Fotini aliposikia jinsi kijana alivyokipigania kisanduku kile, akamwomba Sterios awe baba wa ubatizo wa binti huyo. Kwetu huyo ndiye hulitamka jina kanisani. Padre akamgeukia, akamuuliza mtoto anaitwa nani. Sterios kampakata mtoto, mnono, anarusha miguu, na machozi yanamtiririka, sauti haitoki. Kanisa zima likasubiri.

Nikamsogelea sikioni.

"Haya, mwanangu. Hapa kisanduku hakiachwi tupu."

Akacheka katikati ya kilio, akalitamka: Evanthia.