Amri ya Kushikana Mikono

Jeshi lilichukua nchi Jumanne asubuhi, watu wa Kibera wakiwa bado na mandazi mdomoni. Redio zote zilikata tangazo la dawa ya meno katikati, ikapigwa bendi, halafu jenerali mmoja ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akasema, kwa sauti ya mtu mwenye mafua, kwamba kuanzia sasa nchi iko chini ya sheria ya kijeshi na wananchi watulie. Basi wananchi wakatulia. Walikuwa wametulia tangu kitambo, wamepanga mitungi foleni wakingoja maji.

"Tuko chini ya jeshi," Lazarus wa karakana ya pili alimwambia Wepukhulu.

"Kwani jana tulikuwa chini ya nani?"

"Jana si tulikuwa chini ya landlord."

Wepukhulu hakucheka. Alikuwa fundi wa kuchomelea mageti pale Makina, Kibera, mtu wa maneno machache na mikono mikubwa, na simu yake ilikuwa imelia sasa hivi. Aliyepiga ni Kasyoka, jirani yao wa mlango wa pili kule mtaa wa Kongo, Kawangware. "Wepukhulu, uchungu umeshika Nasambu. Analilia mama yake tu. Mlete haraka, maana huyu mtoto hata—" Hapo network ikafa, nchi nzima, kwa amri ya yule jenerali wa mafua.

Nasambu ni mkewe. Mtoto wao wa kwanza walimzika mwaka juzi kabla hajapata jina, na tangu siku hiyo Nasambu alikuwa na neno moja: "Mimi bila mama sizai tena." Alilisema kama kwamba mtoto ni mgeni anayeweza kuambiwa angoje kidogo. Ndiyo maana mama alipanda basi kutoka Chwele, Bungoma, mapema, akaja Nairobi kungoja siku.

Sasa, muulize Mbukusu yeyote: mama mkwe akija kwa mkwe wake mwenye chumba kimoja, analala wapi? Popote pale, jamani, lakini si hapo! Mkwe na mama mkwe hawapeani mkono. Hawaangaliani usoni. Hawalali chini ya bati moja. Si chuki, ni heshima, na heshima yenyewe si ya mchezo. Tangu amuoe Nasambu, Wepukhulu alikuwa ameona kwa mama mkwe wake leso, visigino, na siku moja kwa bahati mbaya kiwiko, na hicho kiwiko kilimkosesha usingizi. Kwa hiyo mama aliwekwa Kibera, Olympic, kwa rafiki yake wa kanisani aitwaye Kavetsa. Uchungu ukianza, Kavetsa angempeleka Kawangware na Wepukhulu angekaa mbali kama mtu mwenye adabu. Ulikuwa mpango safi kabisa, ila haukuwa na jeshi ndani yake.

Alikimbia hadi kwa Kavetsa, akasimama nje ya mlango akiangalia ukuta wa jirani.

"Kavetsa, mwambie mama uchungu umeanza."

Mama Isaac, na sisi tusio wakwe zake tunaruhusiwa kumtaja, alikuwa nyuma ya pazia, karibu kiasi cha kusikia jamaa akihema. Alisikia kila neno. Akangoja aambiwe.

"Mama, anasema uchungu umeanza," Kavetsa akasema.

"Mwambie nimeshavaa viatu."

"Anasema ameshavaa viatu."

"Mwambie basi tu—"

"Wuui, nyinyi watu mtanimaliza!" Kavetsa akapiga makofi. "Twendeni!"

Lakini redio iliyokuwa dirishani ikakohoa. Magari yote yamesimamishwa. Mwenye shida ya kweli anaweza kutembea kwa miguu, na atatembea na watu wa familia yake peke yake. Wasio familia wakikutwa pamoja, huo ni mkutano haramu, na watajua hawajui. Kavetsa akaketi polepole kwenye kiti.

"Mimi si familia," alisema. "Mimi na yeye ni kwaya tu."

Wakatoka wawili. Wepukhulu mbele, Mama Isaac nyuma kule, uso ameufunika na leso na kuugeuzia maduka. Shida ilikuwa mazungumzo. Walipofika barabara ya juu Wepukhulu alisimama karibu na nguzo ya stima, akaiambia kwa sauti: "Wewe nguzo, tutapitia Ngong Road." Kutoka nyuma akasikia gunia la makaa likiambiwa: "Wewe gunia, mwambie aongeze mwendo."

Ngong Road ilikuwa kimya hadi ikawa aibu. Askari mmoja alisimama katikati ya barabara akiongoza magari ambayo hayakuwepo, mkono huku, mkono kule, kwa bidii sana. Vijana wa boda walikuwa wamekaa kando ya pikipiki zao wakibishana kama boda ni gari. Mzee mmoja na mkewe walikuwa wamebeba kochi. Alipoulizwa na askari shida yake ya kweli ni gani, mzee alisema ni kochi, akaruhusiwa.

Kizuizi kilikuwa Dagoretti Corner. Sajenti wa hapo aliona mwanamume anakuja mbio mbio bila kuangalia nyuma, na mama anamfuata kwa mbali, akisimama yeye anasimama, akitembea yeye anatembea, na amejifunika uso. Sajenti akaona mapinduzi yamepinduliwa.

"Unaenda wapi wewe?"

"Kawangware, afande. Bibi yangu anazaa."

"Na yule anakufuata ni nani?"

"Ni mama yake."

"Mama yake? Safari moja, na mko mbali hivyo? Mmekosana?"

"Hapana, afande. Tunaheshimiana."

Sajenti alikuwa amesomea mabomu, ramani na huduma ya kwanza, lakini hili hakufundishwa. Alitoa karatasi mfukoni akaisoma akisogeza midomo. "Familia ionekane ni familia," alisema. "Imeandikwa. Shikaneni mikono muende."

Wepukhulu akarudi nyuma hatua moja. "Afande, tafadhali. Heri unichape."

"Foleni ya kuchapwa ni ile pale. Ni ndefu."

Aliiangalia ile foleni. Kwa kweli alifikiria. Kama si Nasambu angeenda akasimama nyuma ya mtu wa mwisho, na angeshukuru. Lakini aliwaza mkewe akiita mama, mama, na mama mwenyewe amesimamishwa hapa kwa sababu ya mkono. Nyuma yake akasikia sauti ikiongea na pipa la taka: "Wewe pipa, mwambie huyu kijana msichana wangu hana siku nzima." Ncha ya leso ikaja, na ndani ya leso mkono. Wepukhulu akaushika. Aibu ilimchoma masikio, akatamani lami ipasuke immeze. Kitu kingine kilimshangaza: ule mkono nao ulijaribu kurudi ndani ya leso. Miaka yote hiyo alidhani anayeogopa ni yeye peke yake.

Basi wakaishika Naivasha Road, yeye akiangalia kushoto, mama akiangalia kulia, na mbele hakuna anayeangalia. Waliingia mitaroni mara kadhaa. Fundi mmoja wa Bungoma aliyekuwa anagonga sufuria aliwaona, akawatambua, nyundo ikamwangukia mguuni, na hata hakulia kwa mguu. "Mkwe na mama mkwe! Mchana!" Nchi haikuwa na network, lakini Wepukhulu alijua habari hii ingefika Chwele kabla ya jioni.

Kizuizi cha pili kilikuwa stage ya Kawangware 56, na hapo Wepukhulu aliona Mungu amewakumbuka, maana koplo aliyesimama aliwasalimia "Mulembe." Jina lake Mukhwana. Mtu wa nyumbani kabisa.

"Mulembe sana," Wepukhulu akajibu, karibu amkumbatie. "Ndugu yangu, bibi anazaa hapo Kongo. Huyu ni mama yake."

Uso wa koplo ukabadilika. Akaiangalia ile mikono. "Mama mkwe wako. Na umemshika mkono."

"Tumeamriwa kule Corner!"

"Nani aamriwe hivyo akubali? Mbukusu gani wewe? Huyu si mama mkwe wako hata kidogo. Nyinyi ni waongo, mnatembea na mambo yenu. Kaeni chini, mbali mbali!"

Wakakalishwa kando ya barabara. Kule Corner walikuwa wamekosa kwa kutoshikana, hapa wamekosa kwa kushikana. Kutoka hapo mabati ya Kongo yalionekana, hata Wepukhulu aliweza kuonyesha paa lao kwa kidole, na hakuruhusiwa kusimama. Hasira ilimpanda akataka kulia. Mama Isaac hakutafuta pipa wala gunia. Alimwambia koplo moja kwa moja: "Mwanangu, msichana wangu alipoteza mmoja. Akipoteza huyu nitamwambia nilikuwa nimekaa hapa na wewe?"

Koplo Mukhwana akakuna shingo. "Sawa, mama. Kama huyu ni mkwe wako, niambie. Ana sura gani? Usigeuke."

Mama Isaac akavuta leso usoni. "Sijui."

"Mrefu wa pua? Ana ndevu?"

"Nitajuaje? Najua kisigino chake cha kushoto kimepasuka."

Koplo akamgeukia Wepukhulu. "Na wewe. Huyu mama anafanana aje?"

"Sijui, afande. Najua kiwiko tu."

Koplo alivua kofia ya chuma, akacheka hadi akashika nguzo ya kizuizi. "Hawa ni wakwe," aliwaambia wenzake. "Wakwe kabisa. Mama, pole. Na mimi bibi yangu ako Webuye, mimba ya mwezi wa nane. Sijaongea naye. Mimi mwenyewe niliskia kwa redio eti nimechukua nchi."

Lakini kapteni wake alikuwa juu ya ghorofa ya duka la hardware na darubini, na familia ilibidi ionekane ni familia. Mukhwana akafikiria, halafu akatupa bunduki mgongoni, akaingia katikati yao. Mkono huu akamshika mama, mkono ule akamshika mkwe. Hivyo ndivyo walivyoingia Kongo, na Wepukhulu alihisi amepumua kwa mara ya kwanza tangu Dagoretti.

Kitu ambacho hakuna kati yao aliyekifikiria ni vile watu wa Kongo watakavyoona. Waliona mwanajeshi akiburura watu wawili waliokamatwa. Milango ikafungwa pwa, pwa, pwa, kutoka mwanzo wa kichochoro hadi mwisho. Wanawake waliokuwa na Nasambu wakatawanyika, na Kasyoka, ambaye alikuwa amemshikilia tangu asubuhi, aliruka beseni la maji akajificha chini ya kitanda cha mtu asiyemjua.

Walimkuta Nasambu peke yake kwenye godoro sakafuni, ameshikilia mguu wa kitanda. "Mama!" alisema, akaanza kulia. Mama Isaac akaingia. Wepukhulu akabaki nje, uso kwenye mabati, vile inavyotakiwa.

"Kasyoka! Kuja unishikie mgongo wa huyu!"

Hakuna Kasyoka.

"Nani ako hapo nje?"

"Niko na koplo," Wepukhulu akayaambia mabati.

Ndani Nasambu akapiga ukelele ambao Wepukhulu aliujua. Aliusikia mwaka juzi.

"Wepukhulu!"

Mama mkwe alikuwa hajawahi kulitaja jina lake. Safari hii halikuambiwa gunia, wala pipa. "Ingia."

"Mama, mimi siwezi—"

"Ingia, nimesema! Hiyo heshima nitamfunika nayo akikufa?"

Akaingia. Akapiga magoti nyuma ya mkewe, akamkumbatia mabega na ile mikono yake mikubwa, na Nasambu akamuuma mkono bila kujua. Leso ya mama ilikuwa imeanguka. Wepukhulu akainua macho, na hapo mbele yake kulikuwa na uso wa Nasambu, ila wa mtu mzima, wenye pengo kwenye meno na jasho. Mama naye alikuwa anamwangalia. Hakuna aliyegeuka. "Mshikilie hivyo hivyo," alimwambia. "Anakuja."

Kapteni aliyemfuata koplo wake kutoka stage alifika mlangoni na karatasi mpya, mbichi, imetoka sasa hivi. Akausukuma mlango ukafunguka. "Amri imekuja. Chumba kimoja, watu watatu tu. Hapa mko wangapi?"

"Watatu, afande," Koplo Mukhwana akamjibu pale nje.

Mtoto akalia. Alilia kwa nguvu, kwa hasira, kama mtu aliyenyimwa haki yake. Kapteni akahesabu kwa kidole. "Hawa ni wanne."

"Huyo amefika saa hii, afande. Hakuskia redio."

"Mmoja atoke!"

Mama Isaac hakusimama. Alikuwa na mtoto kifuani, mikono imejaa damu, na aliongea na kapteni kama anavyoongea na vijana wa Chwele wanaoacha ng'ombe waingie shambani. "Wewe kijana, funga mlango. Mtoto anapigwa na baridi."

Kapteni aliiangalia karatasi, mbele na nyuma. Halafu akaufunga mlango, polepole, usipige kelele.

Ndani, Nasambu alikuwa anacheka na kulia pamoja, anauliza kama ni mzima, na mama anamwambia ni mzima, ni mzima kabisa, ni msichana. Wepukhulu machozi yalikuwa yanamtiririka hadi shingoni na hakuyapangusa.

"Na wewe unalia nini?" Mama Isaac alimuuliza. "Washa jiko."

"Ndio, mama," akamjibu, akimwangalia usoni.