Kiwele cha Mabel Kibandani

Lavonne Pischke alikuwa amemvisha mbuzi kofia. Tena kikofia cha ukindu, chenye maua ya plastiki, kimefungwa utepe wa waridi chini ya kidevu. Mbuzi mwenyewe, Mabel, alisimama kwenye kizizi cha maonyesho ya wilaya kama bibi aliyeburutwa kwenda kupigwa picha ya harusi asiyoitaka.

Verna Kuehl, mwenye mbuzi, alikuwa ndiyo kwanza anatoka zamu ya kukaanga jibini kwenye banda la kanisa, mikono bado inanuka mafuta. Kofia aliitazama akaiacha. Alimwazima Lavonne mbuzi tangu jana kwa sababu chama chao cha wafugaji kilitaka kuwafundisha watu habari za mbuzi, na Mabel hana wasiwasi na watu. Haya, kofia na iwe. Lakini macho yakateremka hadi kwenye kiwele, yakagoma kutoka pale. Kimejaa hadi kinang'aa, chuchu zimetazama pembeni.

"Huyu amekamuliwa lini?"

"Jana jioni, mwenzangu. Majaji wa vibanda wanapita alasiri. Nataka wakute kiwele, si mfuko mtupu."

Ndiyo desturi ya wilaya nzima: mbuzi wa mashindano hakamuliwi tangu usiku, ili jaji akikute kiwele kimejaa. Lakini wale huhukumiwa asubuhi na mapema, wakitoka tu uwanjani wanakamuliwa. Lavonne aliibeba desturi ya uwanjani akaileta kibandani, mahali mbuzi anashinda kutwa akikodolewa macho. Na nyuma yake, kwa herufi za kumetameta alizokesha akizibandika, ubao umeandikwa: MBUZI MWENYE FURAHA HUTOA MAZIWA MENGI.

Akapita baba mmoja anatafuna soseji ya kijiti. "Huyu kondoo ana mimba?"

"Ni mbuzi, mpenzi," Lavonne akamjibu kwa sauti ya asali. "Hana mimba, ana maziwa."

"Mbona anahema hivyo?"

"Furaha."

"Furaha!" Verna alicheka kicheko kikavu. Akavuka ubao wa kizizi, akaweka kiganja kwenye kiwele. Kigumu, cha moto. Mabel akainua mguu wa nyuma akautua tena. Nyasi zimejaa mbele yake, hajagusa hata jani. Upande mmoja wa kiwele ukivimba na kuwaka ndani, mbuzi wa maziwa ndiyo basi tena, na Mabel ndiye mbuzi pekee wa maziwa aliyebaki kwa Verna.

"Lavonne, nipe ndoo."

"Ngoja majaji wapite."

"Nipe ndoo, nimesema."

"Verna, tangu chama kianze hatujawahi kupata utepe wa ushindi wa kibanda. Kila mwaka kibanda cha sungura! Sungura, jamani, wamekaa tu!"

"Nenda kawavishe wao kofia."

Ndoo haikutoka. Verna akachukua bakuli lililopangwa jibini za plastiki, akazimwaga sakafuni, akageuza kreti akakaa. Tone la kwanza alilikinga kiganjani akalitazama. Halina mabonge ya ugonjwa. Akaanza kukamua, na mlio wa maziwa ukawavuta watu kuliko ubao wote ule na kumetameta kwake.

Lavonne naye hakuacha fursa ipite. Akapiga makofi. "Karibuni, karibuni! Sasa tunawaonyesha namna ya kukamua!"

"Hatuonyeshi kitu," Verna akasema bila kuinua kichwa. "Ameumia huyu. Amenyimwa kukamuliwa ili nyie mje mshangae."

Mama mmoja akamvuta mtoto wake nyuma. Na kwa bahati mbaya ya Lavonne, majaji wawili walikuwa wamekwisha simama pale, beji zimewaning'inia vifuani.

"Hii ni sehemu ya onyesho?" mmoja akauliza.

"Ndiyo," Lavonne akadakia.

"Siyo," Verna akasema.

Majaji wakatazamana, wakaenda zao upande wa sungura.

"Umefurahi sasa?" Lavonne alikuwa amepiga magoti, anaokota jibini zake sakafuni, uso mwekundu. "Umetuaibisha mbele ya wilaya nzima. Mwakani usituletee mbuzi wako hapa!"

"Mwakani simwazimi mtu. Hasa mtu anayejua herufi za kumetameta kuliko chuchu."

Lavonne akaendelea kuokota.

Chuchu ya kushoto ilikuwa ngumu. Verna alivuta, haikutoa kitu. Akaipaka mate, akakisugua kiwele taratibu kutoka juu kuja chini, paji la uso limeegemea ubavu wa mnyama, anamnong'oneza maneno ambayo watu wa pembeni hawakuyasikia. Akavuta tena. Uzi mwembamba, kisha mnene, ukamdondokea kiganjani. Akakiinua kwenye mwanga wa mlangoni.

Mweupe tupu. Safi.

"Haya, mama," akamwambia Mabel, akasogeza bakuli.