Mtu wa Elfu Mbili Mia Tano Ishirini na Moja

Kila asubuhi, kabla king'ora cha kiwanda cha viatu hakijalia, wafanyakazi walijipanga uani. Meneja, waliyempachika jina la Bwana Rula, alipenda safu kama wengine wanavyopenda chai: bila hiyo siku haikuanza. Walikuwa elfu mbili mia tano na ishirini, namba tiifu kweli. Aliwagawa kwa mbili, kwa tatu, kwa saba, hadi kwa kumi, na hakubaki mtu.

Alhamisi moja mashine ya kukatia soli, ambayo haikuwa na kinga tangu mvua za mwaka jana, ilimuua fundi wake. Nafasi yake ikajazwa kabla ya chakula cha mchana. Ofisi ikaeleza kwamba siku hiyo marehemu hakufika kazini.

Ijumaa akafika. Alivaa ovaroli yake ileile, akasimama mwisho.

"Umechelewa," dada yake, wa idara ya gundi, alimwambia.

"Nimetoka mbali, dada."

Bwana Rula akapanga safu mbili, akabaki mmoja. Tatu, mmoja. Saba, mmoja. Kumi, yuleyule, mikono nyuma, kama mgeni aliyenyimwa kiti.

Akaitwa mhasibu. "Hii ni namba tasa, bosi. Haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe."

"Jaribu kumi na moja."

"Wanabaki wawili."

"Kumi na tatu?"

"Kumi na wawili. Ukiendelea hivi, bosi, utabaki na wote."

"Basi mmoja atoke."

Watu wakamtazama marehemu. Marehemu akamtazama dada yake.

"Atatoka," dada akasema. "Semeni tu kwamba alifia hapa, kwenye ile mashine, na muifungie kinga. Yeye hana neno. Lakini mtu ataondokaje mahali mnaposema hakufika?"

Mhasibu aliitikia kwa kichwa, kisha akakumbuka anayemlipa mshahara. Bwana Rula alifikiri. Namba tasa inaudhi, lakini haimpeleki mtu mahakamani.

"Dada, naona mashine hiyo unaijua sana," alisema. "Kuanzia kesho utaiendesha wewe."

Wakazoea. Kila asubuhi safu zilipangwa na marehemu akabaki pembeni. Siku za mvua aliwashikia wenzake miavuli.

Kisha Jumanne moja hakusimama peke yake. Dada alikuwa kando yake, kilemba kimefungwa vizuri. Ofisi ilikwisha kueleza kwamba jana yake hakufika kazini, na nafasi yake ilikwisha kujazwa.

"Umewahi," kaka yake alimwambia.

"Si mbali kama ulivyosema."

Bwana Rula alihesabu, akahesabu tena, uso ukamkunjuka.

"Safu mbili!"

Zikatoka sawasawa, kaka mwisho wa moja, dada mwisho wa nyingine, na hakubaki mtu. King'ora kikalia. Watu wakaingia ndani, mashine ikawashwa.