Chai ya Mama Mbuthia

Karatasi ya hospitali ilisema nisile chochote kuanzia saa sita usiku. Niliisoma mara nyingi mpaka ikachakaa kwenye mikunjo. Nikalala bila kula tena. Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa nimeshaoga na kuvaa, nangoja tu kupambazuke nitoke Kangemi niende hospitali, upande wa Ngong Road, nikafanyiwe upasuaji wa henia. Ilikuwa imetokeza kitovuni kama yai tangu mwaka jana, na kila nilipoinua beseni la nguo iliniuma. Siku hiyo ya upasuaji nilikuwa nimeingoja miezi saba.

Ndipo Mama Mbuthia, mwenye nyumba yetu, akabisha. Alikuwa na wanawake wawili wa kanisani kwake, na chupa ya chai kwapani. Walikuja kuniombea. Waliomba vizuri, mmoja akiniwekea mkono kichwani, na baada ya amina Mama Mbuthia akafungua chupa.

"Huwezi kwenda kupasuliwa na tumbo baridi, Kasyoka."

"Mama, wamesema nisikule."

"Haiya! Na nani amekupa chakula? Mandazi nimewacha kwangu makusudi. Hii ni chai."

Wenzake wakacheka. Wanawake watatu wameamka gizani kwa sababu yako, kikombe wamekuwekea mkononi, utawarudishiaje? Tena hata mimi niliona yuko sawa. Siku nyingi nimeshinda na chai tu na nikiulizwa nasema sijakula. Nikanywa yote. Ilikuwa ya maziwa mengi.

Hospitalini nilivalishwa gauni la kufungwa mgongoni, nikaonyeshwa kitanda. Nesi mmoja, Sista Becky, akaniuliza jina langu, mwaka niliozaliwa, na nimekuja kufanyiwa nini. Nikamjibu.

"Umekula?"

"Sijakula."

Akaandika. Haukupita muda akaja daktari wa kupasua, Daktari Ishita, akauliza jina langu, mwaka niliozaliwa, na nimekuja kufanyiwa nini. Faili yangu alikuwa ameishika mkononi. Nikafikiri labda ni ya mtu mwingine, nikaogopa. Akachukua kalamu akachora alama karibu na kitovu. Nilitaka kumuuliza kama kitovu kinaweza kumpotea, lakini sikuthubutu. Kisha Sista Becky akanifuta rangi ya kucha, ile nyekundu niliyopakwa Jumapili, akaenda nayo kwenye pamba bila kusema kwa nini. Kucha na kitovu vinahusiana vipi?

Karatasi ya kuweka sahihi ndiyo iliyonichanganya zaidi. Ilikuwa ya Kiingereza kirefu, nami shule niliachia darasa la sita. Nilidhani nikiweka sahihi, nikifa ni makosa yangu. Sista Becky aliponiona nimeshika kalamu tu, akakaa kitandani akanisomea kwa Kiswahili. Kwamba nimeelezwa watakachofanya, nimekubali, na hata sasa naweza kukataa. Nikaweka sahihi. Lakini kama naweza kukataa, mbona wamenichora tayari?

Kwenye kitanda cha pili alikuwepo Mama Phoebe, aliyekuja kutolewa mawe kwenye nyongo.

"Wee msichana, wamekuuliza jina mara ngapi?"

"Mbili."

"Mimi tano. Wakiuliza tena nitawapa la jirani." Akacheka, kisha akamwita nesi. "Sista, hata maji funda moja? Koo imekauka."

"Hapana, mama," Sista Becky akasema. "Ukilazwa usingizi, hata koo inalala. Kitu kikiwa tumboni kinaweza kupanda, kiingie kwa mapafu. Mtu anaweza kutufia hapo hapo. Ndiyo maana tunauliza na kuuliza."

Alipoondoka nilisikia ile chai tumboni, kama vile imeamka. Nikamnong'oneza Mama Phoebe, "Mama, chai ni chakula?"

Akanigeukia. "Ulikunywa?"

"Kikombe kimoja."

"Nyamaza nayo. Ukisema watakurudisha nyumbani, ungoje miezi mingine. Hiyo imeshateremka kitambo."

Labda alikuwa sawa. Lakini Sista alisema mapafu. Na Mama Mbuthia aliiombea ile chai, au aliniombea mimi? Sikukumbuka hata.

Kisha akaja daktari wa usingizi, Daktari Gurjit, mzee mwenye kilemba cha buluu. Jina, mwaka, nimekuja kufanyiwa nini.

"Umekula?"

"Sijakula." Neno lilitoka lenyewe. Akaandika, akanipa kisogo.

"Daktari." Sauti yangu ilikuwa ndogo, nikadhani hakusikia. "Chai ni chakula?"

Akarudi. "Chai gani?"

"Ya maziwa."

"Saa ngapi?"

"Kumi na moja asubuhi hii."

Akatazama saa yake ya mkono. Ilikuwa karibu saa tatu, na saa tatu ndiyo ilikuwa zamu yangu. Nikaanza kulia. Mama Phoebe akageukia ukutani.

"Maziwa ni chakula, binti yangu," akasema. "Lazima yapite masaa sita. Nitakuweka mwisho wa orodha. Tukichelewa na hao wengine, utarudi nyumbani leo. Lakini umefanya vizuri."

Nimefanya vizuri, na huenda nikarudi nyumbani. Nikajifuta machozi kwa pindo la gauni.

Mama Phoebe akachukuliwa kabla yangu. "Si nilikuambia?" akasema akisukumwa, lakini akanipungia mkono. Saa tano ikapita, saa saba ikapita. Kila kitanda chenye magurudumu kilipopita niliinua kichwa, nikakilaza tena.

Saa nane na nusu wakanijia. Chumba kilikuwa baridi, taa nyingi juu yangu, watu wote wamefunika midomo, simjui yeyote ila kile kilemba, na chenyewe kilikuwa kimefunikwa pia.

"Jina lako?" sauti ikauliza.

"Kasyoka. Henia ya kitovu," nikasema, na kabla hajaendelea nikaongeza, "nilikunywa chai saa kumi na moja, kikombe kimoja, ya maziwa."

"Tunajua, binti yangu," akasema, na wote wakacheka. Mimi bado sikuwa nimemaliza kuwaeleza kuhusu Mama Mbuthia, usingizi ukanichukua.