Kadi ya Mwalimu Maftah

Mahfudha alikataa kujiunga na chama cha wakutubi mara tatu, na mara zote tatu alikataa kwa maringo. Tuseme ukweli hata kama unauma.

"Chama gani hicho?" alimwambia Alum mara ya tatu. Alum alikuwa mkutubi wa chuo kimoja upande wa pili wa Kampala. "Mnakutana Jumamosi, mnakunywa chai, mnawasengenya wakubwa wenu. Mimi kazi yangu naijua, dada."

"Tunafundishana," Alum akasema. "Tunaambizana mambo."

"Mambo gani nisiyoyajua?"

Alum akatazama mlangoni, akatazama wasomaji wawili waliokuwa wameinamia magazeti, akaikunja fomu yake akaondoka.

Na kazi kweli aliijua, hilo hakuna wa kumnyima. Maktaba yake ndogo nyuma ya soko ilikuwa safi kuliko sebule za watu wengi. Kila kitabu kilikuwa na kadi, na kila aliyekiazima aliandikwa jina na tarehe juu ya kadi hiyo kwa wino mweusi. Mwezi uliotangulia, mwaka ule wa 1976, ilikuja amri kwamba vitabu fulani viondolewe rafuni. Mahfudha aliviondoa siku ileile, askari wakaja wakavibeba. Kadi akazibakiza, maana alifundishwa kwamba kitabu kinaweza kupotea lakini kumbukumbu yake haipotei. Akazitengea droo nzima, akazipanga kwa alfabeti, akabandika kikaratasi mbele: VILIVYOONDOLEWA. Jamani! Katika mji ambao watu walikuwa wanatiwa kwenye buti la gari mchana kweupe, yeye anapanga majina kwa alfabeti.

Siku kumi baada ya Alum kuondoka, asubuhi, wakaingia wanaume wawili wenye miwani ya giza. Wasomaji walifunga magazeti wakatoka bila kuaga. Mkubwa wa wale wawili alisikiliza salamu ya Mahfudha, akafurahi.

"Mama, wewe naongea Swahili safi. Wewe mtu yetu." Akaegemea meza. "Sisi nataka kadi ya ile vitabu mbaya. Nani alisoma."

Mahfudha akataka kusema hazipo, na neno lilikwisha kufika ulimini. Lakini yule wa pili alikuwa amezunguka nyuma ya meza, na sasa amesimama mbele ya droo, anasoma kikaratasi.

Mkubwa akacheka kwa furaha ya kweli. "Mama, maktaba nne tumefika. Wote wanasema kadi hapana, kadi ilichomwa. Wewe peke yako iko na kazi nzuri!"

"Wote?" Mahfudha akauliza.

"Wote."

Wakaimwaga droo kwenye mfuko. Kadi moja ikaanguka sakafuni, na Mahfudha akaitambua. Ilikuwa na jina moja tu: Maftah, mwalimu wa Kibuli. Kitabu chenyewe kilikaa rafuni miaka miwili bila kuguswa, mpaka yeye mwenyewe alipomsukumia. "Mwalimu, chukua hiki, kinaoza hapa." Na mwalimu, mtu wa haya, akakichukua asimvunje moyo, akakirudisha baada ya siku mbili. Kadi ilikuwa hatua moja kutoka mguuni pake. Angeweza kuikanyaga, kuifunika kwa gauni. Aliogopa, basi, hakusogea. Mkubwa akainama, akaiokota, akaipuliza vumbi.

Walipoondoka alifunga maktaba akapanda kilima cha Kibuli nusu akikimbia, akihema, viatu mkononi. Alipofika shuleni, wanafunzi wa mwalimu Maftah walikuwa wamekaa kimya na kalamu zao, na hesabu ubaoni haijamalizika. Gari la wale wawili lilikuwa limemtangulia.

Kutoka pale akaenda moja kwa moja kwa Alum. "Kwa nini hukuniambia?"

Alum akaanza kulia. "Tuliapa! Mmoja akipayuka, tunakwisha wote. Tulikubaliana kitabu kikiondoka kadi ichomwe, na wajue wanachama tu. Mara mbili za mwisho nilikuja kwako ndani ya wiki moja, Mahfudha. Ungetia saini, ningekuambia palepale mlangoni."

Mahfudha alirudi nyumbani kwake Kisenyi akajifungia.

Siku ya nane, Safinah, mke wa Maftah, akabisha hodi. Macho yalikuwa yamemvimba na buibui lake limejaa vumbi la njiani.

"Nimezunguka maktaba zote," akasema, akijitupa kitini. "Wanafunzi wake waliona kadi ya maktaba mkononi mwa waliomchukua. Namtafuta aliyetoa jina la mume wangu. Kila mahali naambiwa walichoma kadi mapema. Kwako sikwenda hata kuuliza, maana wewe nakujua. Nimekuja kupumzika tu, dada yangu."

Mahfudha akammiminia chai. Angeweza kunyamaza, na Safinah asingejua. Lakini kila alipomtazama yule mwanamke akinywa, aliiona ile kadi sakafuni.

"Mimi sikuchoma," akasema.

Safinah hakuelewa mara moja. Kisha akaelewa.

"Sikuwa kwenye chama chao," Mahfudha akaendelea, machozi yakimtiririka. "Wenzangu waliambizana. Mimi hakuna aliyeniambia, Safinah, wallahi hakuna aliyeniambia."

Safinah akakiweka kikombe chini polepole.

"Watu wanachukuliwa kila siku mbele ya mlango wako," akasema. "Ulikuwa unangoja uambiwe na nani?"