Samaki Waliohama Tangini

Mama Kidoti alikuwa amechuchumaa bafuni, mikono imezama kwenye beseni, akiosha changarawe. Muuza samaki alimwonya asitie sabuni hata chembe, kwa sababu sabuni hujificha kwenye mawe, na samaki anakula, anapumua na kulala humo humo. Basi alisugua kwa viganja, akamwaga maji ya vumbi, akafungulia bomba, akasugua tena, mpaka maji yakawa yanatoka meupe kama yalivyoingia.

Mlangoni alisimama binti yake wa darasa la tatu, aliyeitwa Kidoti kwa alama nyeusi iliyo juu ya mdomo wake. Kidoti alikuwa ameona tangi la samaki kwa daktari wa meno, siku alipopelekwa kuzibwa jino, na tangu hapo nyumba nzima haikupumua.

"Mama, tayari?"

"Bado."

"Na sasa?"

"Sasa ndiyo kabisa bado. Nenda kasome."

Baba Kidoti alikuwa mwendesha mitambo katika kituo cha kusafisha maji ya mji. Nyumba waliyokaa ilikuwa ya kazi, mojawapo ya zile zilizopangwa mstari mmoja nyuma ya kituo, kuta zimegusana kiasi kwamba jirani akipiga chafya unamwambia pole ukiwa kitandani kwako. Aliporudi jioni alilikuta tangi tupu sebuleni, kando ya cherehani ambayo mkewe alishonea mapazia ya watu.

"Maji ya kujaza hilo dude mtatoa wapi?" aliuliza, tonge likiwa mdomoni.

"Bombani, wapi tena?"

Akaacha kutafuna kidogo. "Samaki wana kazi nyingi. Mtafutieni mtoto paka."

Lakini tangi lilikuwa limekwisha kununuliwa. Mama Kidoti aliliweka juu ya meza nene, mbali na dirisha, maana jua likipiga kioo maji huota ukungu wa kijani. Alitandaza changarawe, akapanda majani ya majini, akafunga chujio na pampu ya hewa. Alitia matone ya dawa ya kuua klorini. Kisha akasubiri, kama alivyoelekezwa. Tangi jipya halina uhai, muuza samaki alimwambia. Yaache maji yazunguke kwenye chujio wiki kadhaa, wadudu wazuri wasioonekana kwa macho wajijenge kwenye sifongo, hao ndio watakaokula uchafu wa samaki. Anayeleta samaki siku ya kwanza huwa ananunua maiti.

Alipima maji kwa karatasi za vipimo. Rangi zote zilikaa pale zilipotakiwa kukaa. Karatasi zile zilipima yale tu ambayo zilitengenezwa kuyapima.

Ndipo samaki wakaja, wachache, wadogo, wekundu na wa rangi ya fedha. Mmoja alikuwa na mapezi marefu yanayoburura nyuma kama shela, na Kidoti akamwita Bi Harusi. Waliishi vizuri. Walipewa chakula kidogo kidogo, kile wanachoweza kumaliza kabla hakijazama.

Alhamisi moja mchana, Mama Kidoti akipiga pasi mapazia ya mteja, Bi Harusi alipanda mpaka juu ya maji, akafungua mdomo, akafunga, kisha akaendelea kupanda. Alipita uwazi wa kifuniko, akapita juu ya cherehani, akazunguka taa. Wenzake wakamfuata mmoja mmoja, kama watu wanaoshuka kwenye basi. Mama Kidoti aliizima pasi. Alimpigia simu muuza samaki.

"Samaki wametoka."

"Wameruka? Wako sakafuni?"

"Hapana, wametoka tu. Wanaogelea."

"Wapi?"

"Juu ya kabati."

Muuza samaki alivuta pumzi. "Samaki akitoka majini, maana yake maji hayamfai. Badilisha robo, usibadilishe yote, utawaua wale wadudu wazuri. Na feni ya darini, izime."

Feni ilikuwa imekwisha kuzimwa. Mama Kidoti alibadilisha robo ya maji. Samaki walishuka, wakanusa, wakapanda tena.

"Umetia maji gani?" aliuliza muuza samaki alipopigiwa mara ya pili.

"Ya bomba."

"Jaribu ya mvua," akasema muuza samaki, ingawa kiangazi kilikuwa kimeshika. "Na kitu kimoja, dada. Ukiona wamemzunguka mwenzao mmoja, hawamwachi, ujue huyo anaumwa. Mtoe haraka."

Nyumba ilizoea. Chakula kilinyunyizwa hewani, na kilichobaki kikafagiliwa. Kidoti alijifunza kufungua mlango taratibu asimbane mtu pezi. Jirani wa mlango wa pili, aliyeitwa Mama Pacha kwa sababu ya wanawe wawili walioanza kukimbia, alikuja kutazama, mtoto mmoja kiunoni na mwingine akimvuta gauni.

"Hawachafui mapazia ya watu?"

"Wana adabu. Jikoni tu ndiko hawaendi."

"Kwa nini?"

"Sijui. Wakifika karibu na bomba wanageuka."

Mama Pacha alitikisa kichwa, akaomba chumvi, akaondoka.

Baba Kidoti alipoingia jioni hiyo, aliwatazama samaki wakipita mbele ya kalenda. Alivua viatu. Alikaa. Hakuuliza kwa nini wametoka. Mama Kidoti alimngoja aulize, naye akafungua soda. Hapo ndipo alipomshuku, kwa sababu mtu asiyeuliza ni mtu mwenye jibu.

Alianza kumwangalia. Asubuhi mumewe alikunywa soda. Chakula cha jioni alishushia soda. Chai alikunywa kazini tu. Akipiga mswaki alisukutulia kitu kutoka chupa aliyoiweka kwenye begi. Mama Kidoti alirudi nyuma kwa mawazo, mwezi baada ya mwezi, akimtafuta mumewe akiwa na glasi ya maji mkononi, na hakumpata mpaka alipofika kabla ya yale mafuriko ya masika.

Na soda alizomletea mtoto! Kila wiki alikuja na chupa mfukoni, na kila wiki Mama Kidoti alizimwaga karoni. "Unataka meno yaishe yote?" alimgombeza. Kisha alimjazia binti yake maji ya bomba, glasi ndefu, akasimama pale pale mpaka aimalize.

Kidoti alikuwa akilalamika tumbo. Kalamu zilimponyoka. Mwalimu wake alituma salamu kwamba mtoto amekuwa mzito wa kukumbuka, siku hizi hata jedwali la kuzidisha kwa mbili linamchenga. Baba yake alisema ni minyoo.

Mchana mmoja Kidoti alikaa mezani na hesabu zake. Bi Harusi alishuka kutoka kwenye fimbo ya pazia, akasimama karibu na sikio lake. Akaja mwingine, akakaa kwenye bega. Kisha wote, wekundu na wa fedha, wakawa wanamzunguka kichwa taratibu, duara moja, vinywa vikifunguka na kufungika.

"Mama, wananipenda," alisema Kidoti.

Mama Kidoti aliwapunga kwa pazia. Walitawanyika, wakarudi. Akampeleka mtoto chumbani akafunga mlango. Walipita chini ya mlango, wamejilaza ubavu. Akarudi sebuleni, akakaa mbele ya cherehani, mguu umekanyaga pedeli na sindano ikishona hewa. Hakuweza kuuondoa mguu.

Jioni hiyo aliandaa chakula, akajaza glasi bombani, akaisukuma mpaka mbele ya mumewe.

"Soda zimekwisha?"

"Zipo. Leo kunywa maji."

"Sina kiu."

"Funda moja tu, Baba Kidoti. Nikuone."

Mumewe aliitazama glasi. Maji yalikuwa meupe, yametulia, hayana harufu. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Aliinyanyua, akaisogeza kinywani, akaiweka chini.

"Una nini leo?" alisema. "Kwani mimi ni mtoto?"

Kidoti hakupenda kumwona baba yake akibanwa. Alinyoosha mkono. "Lete, baba. Nikunywie mimi."

Glasi ilikuwa tayari imegusa mdomo wa mtoto baba mtu alipoipiga kofi. Ilipasukia ukutani. Samaki wote walipanda darini kwa pamoja. Kisha Kidoti akaanza kulia, si kwa uchungu, bali kwa sababu baba yake hakuwahi kupiga kitu chochote.

Alipokwisha kubembelezwa akapelekwa kwa Mama Pacha kucheza na wale mapacha, Mama Kidoti alifunga dirisha.

"Tangu lini?"

"Tangu mafuriko." Alizungumza kwa sauti ya chini, akiutazama ukuta wa jirani. "Kile kiwanda cha betri, juu ya mto. Shimo lao la maji taka lilipasuka, linamwagikia pale pale tunapovutia maji. Vichujio vyetu ni vya matope. Madini ya risasi, ile sumu ya betri, yanapita kama yako nyumbani kwao."

"Na mkanyamaza."

"Bosi alituita mmoja mmoja. Alisema litazibwa. Aliyeuliza lini, alitolewa kwenye nyumba yake kabla ya jua kuzama, yeye na watoto na magodoro. Unaikumbuka ile nyumba ya mwisho? Unajua walikokwenda? Hata mimi sijui."

"Na mwanao?"

"Nilikuwa naleta soda."

Mama Kidoti alitaka kumpiga. Alikumbuka glasi ndefu, na yeye amesimama juu ya kichwa cha mtoto, mikono kiunoni, kama askari.

Tangu siku ile, Baba Kidoti alileta madumu ya maji kutoka kisima kilicho nyuma ya kilima, wanakochota mabosi. Aliyafunika kwa turubai. Maji hayo yalipikiwa, yakanywewa, na Mama Kidoti aliyatia tangini robo kwa robo, kama alivyofundishwa. Samaki walishuka siku ile ile maji ya zamani yaliyobaki yalipotolewa. Waliingia majini mmoja mmoja, Bi Harusi wa mwisho, shela yake ikazama nyuma yake. Majani yalistawi. Kioo kiling'aa. Mtu yeyote aliyeingia sebuleni angesema hapa wanajua kufuga.

Hospitalini, daktari aliyempima Kidoti damu aliuliza kama nyumbani kuna rangi za zamani zinazobanduka, au mtu anayeyeyusha betri. Mama Kidoti alisema hakuna. Daktari aliuliza kama kuna jambo jingine lolote. Mama Kidoti alitazama mlango wa chumba cha daktari, uliokuwa wazi, na watu kwenye benchi nje, na akasema hakuna. Walipewa dawa. Tumbo la mtoto lilipoa. Jedwali la mbili lilirudi, la tatu halikurudi.

Samaki hawakutoka tena mpaka asubuhi ile Mama Pacha alipogonga ukuta.

"Jirani! Njoo uchukue wageni wako!"

Mama Kidoti aligeuka akaona tangi halina mtu. Dirisha lilikuwa wazi. Alichukua kikapu cha wavu, akazunguka nje, akaingia kwa Mama Pacha bila hodi.

Mmoja wa mapacha alikuwa anafukuza kopo sakafuni. Mwingine, yule mdogo kwa mwili, alikuwa amekaa kwenye mkeka, kimya, mikono mapajani. Samaki walikuwa wamemzunguka kichwa, duara moja, taratibu. Bi Harusi alikuwa karibu na sikio.

"Wamempenda huyu," alisema Mama Pacha, akicheka. "Tangu asubuhi. Na yeye ametulia, hata kulia hakulia. Siku hizi amekuwa mpole, ungemwona."

Mama Kidoti alifungua mdomo. Maneno yalikuwepo, yamepangana, yanasubiri. Aliiona nyumba ya mwisho kwenye mstari, mlango wake umepigiliwa mbao. Aliyaona magodoro barabarani. Alimwona Kidoti akilala juu ya godoro moja kati ya hayo, pahali pasipojulikana. Mdomo ukafungwa.

"Kaa basi, mbona unatweta hivyo? Jua kali." Mama Pacha alikwenda jikoni. Bomba lilisikika. Akarudi na glasi. "Kunywa maji kwanza, jirani."

Mikono yote miwili ya Mama Kidoti iliipokea. Ilikuwa baridi. Mama Pacha alikuwa anamtazama, anatabasamu, anangoja kama anavyongoja mwenye nyumba yeyote. Mama Kidoti alikunywa. Alikunywa mpaka tone la mwisho, akasema asante.

Kisha akainama na kikapu chake. Samaki walikwepa, wakarudi kwa mtoto. Alijaribu tena. Walikwepa tena.

"Waache tu," alisema Mama Pacha. "Watarudi wakichoka. Wanamsumbua nani?"

Aliichukua ile glasi, akaenda nayo bombani, akaijaza. Alichuchumaa mkekani, akaweka mkono mmoja nyuma ya kichwa cha mtoto, na samaki wakampisha.

"Anakua," alisema Mama Kidoti.

"Eh, anakua," alisema Mama Pacha. "Na huyu ndiye anayependa maji kuliko mwenzake."